Kabla ya Kutazama Mchezo, Tazama Mlango



Habari ikienea ya kwamba sarakasi yaja mjini, watoto hawalali. Wamekwisha kumwona katika ndoto mtu ajikunjaye kama nyoka, na mwenzake atembeaye juu ya kamba. Vijana nao huulizana habari za bendi itakayopiga jioni: ina magitaa mangapi, na mwimbaji wake ni nani. Hata sisi watu wazima tusemao, “Mimi nawasindikiza watoto tu,” twajua kweli yetu moyoni.

Wala si vibaya. Mtakatifu Yohane Bosko, alipokuwa kijana mdogo kijijini kwao Becchi katika Italia, aliwatazama sana wachezaji wa magulioni mpaka akajua kutembea juu ya kamba na kufanya viinimacho. Kisha akawaita jirani zake waje kumtazama. Kiingilio chake hakikuwa fedha: aliyetaka kuona mchezo alipaswa kusali Rozari kwanza. Basi, siandiki ili kuwanyima watu furaha. Nataka tuzungumze habari ya jambo moja ambalo baba na mama wengi hawaliulizi wanapolipa kiingilio. Jambo hilo ni mlango.

Mtu aendaye kutazama sarakasi humwogopea mchezaji aliye juu, au humwogopa simba. Lakini tukisoma habari za maonyesho haya tangu zamani, twaona kwamba simba hakuua watazamaji wengi, wala kamba haikuwaua. Waliokufa kwa mamia walikufa kwa sababu walikuwa wengi mno mahali padogo, na njia ya kutokea ilikuwa imezibwa.

SARAKASI ILIANZAJE?

Sarakasi kama tuijuavyo leo ilianza London, Uingereza, mwaka 1768. Aliyeianzisha ni Philip Astley, aliyekuwa askari mpanda farasi. Aliona kwamba farasi akikimbia kwa kuzunguka duara, mpandaji aweza kusimama wima juu ya mgongo wake bila kuanguka upesi. Akatafuta duara lifaalo, na kipimo kilichoshika ni futi 42 toka upande mmoja mpaka wa pili, yaani karibu mita 13. Mpaka leo duara la sarakasi duniani hufuata kipimo hicho.

Baadaye Astley akajenga jumba la maonyesho. Liliungua mwaka 1794. Akalijenga tena, nalo likaungua mwaka 1803. Si ajabu, kwa maana ndani mlikuwa na mbao, mapazia, majani ya farasi na taa za moto. Tangu mwanzo, basi, moto umekuwa ukizifuata sarakasi.

SIKU YA HARTFORD

Marekani ni nchi kubwa, na huko sarakasi ilisafiri kwa gari moshi toka mji hata mji, na hema lake kubwa kama uwanja. Iliyokuwa kubwa kuliko zote iliitwa Ringling Bros. and Barnum & Bailey. Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Julai 1944, ilikuwa Hartford, katika jimbo la Connecticut. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijakwisha. Baba wengi walikuwa vitani au viwandani, kwa hiyo waliojaa hemani mchana ule walikuwa hasa akina mama na watoto. Jumla yao walikaribia 7,000.

Sikiliza jinsi hema lile lilivyotengenezwa. Lilikuwa la kitambaa, na ili mvua isipenye walilipaka nta, jamaa ya ile ya mishumaa. Walichukua ratli 1,800 za nta wakaziyeyusha katika galoni 6,000 za petroli, wakalipaka hema lote. Wewe ujuaye mshumaa na utambi wake huhitaji mwalimu akueleze. Hema lile lilikuwa mshumaa, na watu walikaa ndani yake.

Simba na chui walikuwa wamekwisha kucheza. Jamaa ya Wallenda, watu mashuhuri wa kutembea juu ya waya, walikuwa juu kabisa. Ndipo moto mdogo ulipoonekana katika ukuta wa hema, karibu na mlango mkubwa. Kiongozi wa bendi, Merle Evans, aliuona mapema. Hakupiga kelele. Aliwaamuru watu wake wapige mara moja wimbo fulani wa gwaride, ambao kwa desturi ya sarakasi haukupigwa ila kuwaonya wafanyakazi kwamba pana hatari. Msimamizi wa maonyesho alijaribu kuwaambia watu watoke kwa utulivu, lakini umeme ulikatika na sauti yake haikusikika.

Sasa tazama jambo la ajabu. Akina Wallenda, waliokuwa hewani, waliteremka upesi kwa kamba wakatoka wazima. Waliokaa salama juu ya viti ndio waliokufa.

Kwa nini? Watu wengi walikimbilia mlango ule ule walioingilia, kwa sababu ndio walioujua, ingawa moto ulikuwa upande huo. Wengine walikimbilia upande wa pili. Huko wakakuta njia za vyuma zilizowekwa kwa kupitisha simba na chui, zimekatiza mbele ya milango miwili. Mtu mzima aliweza kuzipanda kwa shida, lakini mama mwenye watoto wawili hakuweza. Watu wakalundikana hapo.

Lakini wapo waliookoka kwa akili nyepesi. Wengine waliinua turubai la ukutani wakapenya chini yake. Kijana mmoja wa miaka 13 alitoa kisu chake kidogo akalipasua turubai, na watu wengi wakapita hapo. Katika muda wa dakika 10 hivi hema lote lilikuwa limeungua na kuanguka. Waliokufa walihesabiwa 167, na walioumia walikuwa mamia. Wakubwa kadhaa wa sarakasi walishtakiwa, na sarakasi yenyewe ililipa mamilioni ya dola kwa jamaa za waliokufa na kwa walioumia. Kulipa huko kulichukua karibu miaka 10.

Mtu angefikiri kwamba dunia yote ilijifunza siku ile. Lakini tarehe 17 Desemba 1961, wiki moja kabla ya Noeli, hema la sarakasi liliungua Niterói, katika Brazili. Safari hii mtu aliyefukuzwa kazi ndiye aliyelitia moto kwa makusudi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 500, na wengi wao walikuwa watoto. Hema lile nalo lilikuwa la pamba iliyopakwa nta.

JUMBA “LISILOUNGUA”

Labda utasema, “Hayo ni mambo ya mahema. Kwetu wachezaji hutumia ukumbi wa matofali.” Vema. Twende Chicago, Marekani, mwaka 1903.

Mwaka ule lilifunguliwa jumba jipya la michezo lililoitwa Iroquois. Wenyewe walitangaza kwamba haliwezi kuungua. Tarehe 30 Desemba, siku za likizo ya Noeli, lilijaa akina mama na watoto hata wengine walisimama. Taa moja ya umeme iliwasha pazia la jukwaani. Watu wakakimbilia milango, nayo mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mingine ilifichwa nyuma ya mapazia hata haikuonekana. Mingine ilifunguka kwa kuvutwa ndani. Mlango wa namna hiyo, watu 50 wakiusukuma kwa nguvu, haufunguki kamwe, kwa kuwa hapana nafasi ya kuuvuta. Hata kwenye ngazi palikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa, ili aliyenunua tikiti ya bei ndogo asiteremke kukaa mahali pa bei kubwa. Siku ile walikufa zaidi ya watu 600 katika jumba lililokuwa na umri wa mwezi mmoja na zaidi kidogo.

Mtu mmoja, Carl Prinzler, mfanya biashara ya vyuma, alikuwa awepo katika jumba lile siku hiyo, ila kazi ilimzuia. Habari ile haikumtoka moyoni. Yeye na wenzake wakatengeneza ule mtambo wa chuma ulazwao katikati ya mlango, ambao mtu akiusukuma kwa mwili tu mlango hufunguka nje. Ulianza kuuzwa mwaka 1908. Leo waweza kuuona katika kumbi kubwa za miji yetu pia.

HATA PASIPO MOTO

Tarehe 16 Julai 1956, Ringling walifanya onyesho lao la mwisho chini ya hema, mjini Pittsburgh. Hema lilikuwa limekuwa ghali, na kazi ya kulisimamisha kubwa. Tokea hapo wakacheza ndani ya majumba makubwa ya saruji na chuma, ambamo wiki hii huingia sarakasi, na wiki ijayo bendi ya muziki au mchezo wa mpira wa kikapu. Walifunga kazi mwaka 2017, wakaanza tena mwaka 2023 pasipo wanyama.

Je, saruji imekwisha ondoa hatari? Hapana. Tarehe 3 Desemba 1979 watu walikusanyika mbele ya jumba moja la namna hiyo huko Cincinnati, Marekani, kuisikiliza bendi ya The Who kutoka Uingereza. Tikiti nyingi hazikuwa na namba ya kiti, yaani atanguliaye ndiye akaaye mbele. Maelfu walingoja nje katika baridi, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Ndani wapiga muziki walijaribu vyombo vyao. Watu wa nje wakadhani onyesho limeanza, na wa nyuma wakasukuma. Watu 11 walikufa hapo mlangoni, vijana watupu. Hapakuwa na moto wala ugomvi, wala mtu aliyetaka kumdhuru mwenzake. Bendi haikuambiwa habari ile mpaka ilipomaliza kupiga.

Haraka haraka haina baraka. Lakini tuelewe vema jinsi mtu afavyo katika msongamano. Wengi hudhani hufa kwa kukanyagwa tu. La, wengi hufa wakiwa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma hata hakiwezi kupanuka, na pasipo kupanuka kifua hakuna pumzi. Aliye nyuma haoni jambo hilo. Yeye asukuma kidogo tu, na mwenziwe kidogo tu, na uzito wote humfikia aliye mbele.

Wala tusiseme ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu Tanzania, mjini Tabora, tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Sikukuu ya Idi, watoto walikwenda kucheza muziki katika ukumbi. Walijazwa kupita kiasi. Wakafa watoto wapatao 20. Walitoka nyumbani wamevaa nguo za sikukuu, na wazazi wao walijua kwamba wamekwenda kufurahi. Mkristo na Mwislamu, sote tuna watoto, na kila sikukuu watoto wetu huomba ruhusa ile ile.

HESABU YA KARANI

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuhesabu: wabatizwa, sadaka, mabenchi, na watu. Tena nilifundishwa ualimu, kwa hiyo mniwie radhi nikichukua chaki kidogo. Hesabu hii aliyemaliza darasa la sita aiweza.

Pima ukumbi kwa mita. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Tuseme ukumbi una urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Zidisha, wapata mita za mraba 160. Ondoa nafasi ya jukwaa na vijia, tuseme 40. Zimebaki 120. Kwa watu waliokaa, weka wawili kwa kila mita ya mraba. Basi ukumbi huo ni wa watu 240.

Sasa mlango. Mlango wenye upana wa mita moja, watu wakitoka kwa utulivu, hupitisha kama mtu mmoja kwa kila sekunde, yaani 60 kwa dakika. Watu 240 kwa mlango mmoja watatoka kwa dakika 4; kwa milango miwili, kwa dakika 2.

Lakini siku ya bendi mashuhuri twaingiza wangapi? Tuseme 600. Gawanya kwa mita 120: ni watu 5 katika kila mita moja ya mraba. Wajuzi wa misongamano watuonya kwamba hapo hatari imekwisha anza, kwa maana mtu hawezi tena kwenda atakako, bali huchukuliwa kama jani majini. Tena watu 600 kwa mlango mmoja huhitaji dakika 10, nao wakiwa watulivu. Kumbuka hema la Hartford liliungua lote kwa muda gani.

Hapa ndipo penye mtihani wetu wenyewe. Tuna tamasha la kusaidia ujenzi wa zahanati au darasa. Ukumbi umejaa, na nje wapo watu 100 wenye fedha mkononi, nao ni jirani zetu. Kuwakataa ni vigumu, na kamati itanung'unika. Lakini fedha ya mtu wa 241 haitengenezi zahanati ikiwa italeta majeneza. Afadhali kupiga muziki nje uwanjani, au kufanya maonyesho mawili, la mchana la watoto na la jioni la wakubwa. Mapato huwa yale yale, na watu hurudi nyumbani wazima.

MAMBO YA KUULIZA

Basi wewe baba, wewe mama, kabla hujatoa fedha mfukoni, tazama mambo haya:

1. Milango ni mingapi, nayo yafungukaje? Kama ni mmoja tu, au wa pili una kufuli, uliza ufunguo yuko nao nani. Wakikuambia, “Umefungwa ili watu wasiingie bure,” kumbuka Chicago.

2. Nini kimesimama mlangoni? Pikipiki, kreti za soda, meza ya mkata tikiti, jiko la mkaa la mwuza chipsi: kila kimoja chaweza kuwa kama zile njia za simba. Kiondolewe. Jenereta na dumu la petroli vikae mbali na mlango na mbali na turubai.

3. Nani anahesabu watu? Kama hakuna ahesabuye, hakuna ajuaye wakati wa kufunga dirisha la tikiti.

4. Moto uko wapi, na cha kuuzima kiko wapi? Khanga na karatasi za mapambo zisiguse balbu. Mishumaa isitumike kabisa. Tochi ya simu yatosha. Ndoo za mchanga na maji ziwekwe karibu na jukwaa.

5. Tukipoteana, tutakutana wapi? Chagueni mahali nje, kama mwembe au mlingoti wa bendera, na kila mtoto apataje mahali hapo kwa kinywa chake kabla hamjaingia. Mtoto mdogo asipelekwe na mtoto mwenzake.

Mkiisha kuingia, waonyesheni watoto mlango wa pili, si ule mlioingilia. Mkiona moshi au mkisikia watu wakibanana, ondokeni mapema. Msingoje kuona mwisho wake.

Na ikitokea mmekwisha kubanwa? Usishindane na wimbi la watu, wala usiiname kuokota kiatu au simu. Weka mikono mbele ya kifua, kama bondia, ili pumzi ipate nafasi. Mtoto mwinue juu, kifuani au begani. Msukumo ukipungua, jongea mshazari kuelekea pembeni, kidogo kidogo, mpaka utoke.

KWA WANAOANDAA

Ninyi wenzangu wa kamati, walimu, viongozi wa kwaya na wenye kumbi, neno langu kwenu ni fupi. Pimeni ukumbi wenu wiki hii, msingoje siku ya sikukuu. Andikeni idadi ya watu juu ya mlango kwa rangi, ionekane na wote, ili mlinda mlango asilazimike kugombana na mtu. Aelekeze kidole ukutani tu. Milango ifungukayo ndani, mwiteni fundi aigeuze ifunguke nje. Kazi hiyo haizidi siku moja. Chagueni vijana wanne wenye kusikilizwa, wawili kila mlango, wasiotazama mchezo. Tikiti ziuzwe kwa hesabu, na ya mwisho ikiisha, dirisha lifungwe, hata aje nani.

Nanyi wasomaji, sarakasi ikija msikae nyumbani kwa hofu. Vijana wa Kenya na Tanzania wameusomea mchezo huu hata wameajiriwa katika sarakasi za Ulaya na Marekani, na kuwapigia makofi ni haki yao. Nendeni, lakini ingieni kwa zamu, uoneni mlango wa pili, na hesabuni watoto wenu. Kisha kaeni mcheke na kushangilia kwa moyo wote. Aliye juu ya kamba ana kazi yake, nanyi mmekwisha fanya yenu.